Msitu wa Umma na Michezo ya Theluji

Kila mwaka, Desemba inapoingia, Milima ya Adirondack iliyo kaskazini ya Jimbo la New York nchini Marekani hubadilika sura. Majani yamekwisha kupukutika, maziwa yameganda, na theluji imefunika mabonde na vilele. Kwa msomaji ambaye theluji ameiona kwa mbali tu, ikiwa juu ya kilele cha Kibo, huenda ikawa vigumu kuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu aiache nyumba yenye moto akatembee katika baridi inayogandisha pumzi. Hata hivyo, hivyo ndivyo wafanyavyo maelfu ya watu. Makarani, mafundi, walimu na wanafunzi hutoka mijini wakiwa na mbao ndefu za kutelezea, ziitwazo skii, au viatu vipana vya theluji ambavyo umbo lake hukumbusha ungo. Humo msituni hupanda milima, huteleza katika njia zipitazo kati ya misonobari, huvua samaki kwa kutoboa barafu ya ziwa, na hulala katika vibanda vya magogo vyenye kuta tatu ambavyo hakuna anayedaiwa kodi.

Jambo linalostahili kuzingatiwa katika starehe hiyo ni kwamba, katika sehemu kubwa ya misitu hiyo, hakuna lango wala kiingilio. Mwenye mshahara mdogo na mwenye mali nyingi hupita katika njia moja, na wote wawili wamo katika ardhi yao wenyewe, kwa kuwa msitu ni mali ya umma. Hali hiyo haikuja kwa bahati. Imelindwa kwa Katiba kwa muda wa zaidi ya miaka 130, na mara nyingine imelindwa dhidi ya Serikali ya jimbo yenyewe, tena pale Serikali ilipokuwa na nia njema. Historia hiyo ina mafunzo kwa kila mtumishi wa umma aliyekabidhiwa mali isiyo yake, na kwa kila mwalimu anayewafundisha vijana maana ya mali ya pamoja.

Katika karne ya 19 wakata mbao waliivamia milima hiyo kwa shoka na misumeno. Makampuni yalinunua ardhi kwa bei ndogo, yakavuna miti, kisha mengine yakaitelekeza ardhi iliyokwisha kuwa tupu pasipo kulipa kodi. Moto ulifuata nyuma ya shoka. Mpima ardhi Verplanck Colvin, ambaye mwaka 1872 alikitambua kiziwa kidogo karibu na kilele cha Mlima Marcy kuwa chanzo cha juu kabisa cha Mto Hudson, alionya tena na tena kwamba kufyeka milima ni kukausha mito. Wafanyabiashara wa mjini New York, ambao vinginevyo wasingejali hatima ya miti iliyo mbali nao, waliingiwa na hofu kwamba mto na mfereji uliobeba shehena zao vingepungukiwa maji.

Basi mwaka 1885 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuanzisha Hifadhi ya Misitu katika Milima ya Adirondack na Catskill. Mwaka 1892 likatangaza mipaka ya Bustani ya Adirondack, ambayo leo ina ukubwa wa ekari zipatazo milioni 6, yaani eneo linalokaribia nchi nzima ya Rwanda. Ndani ya mipaka hiyo mna vijiji, mashamba na viwanja vya watu binafsi, na wakazi wake wanazidi 100,000. Lakini zaidi ya ekari milioni 2.5 ni mali ya jimbo.

Haikupita muda mrefu kabla ya sheria hiyo kuonyesha udhaifu wake. Sheria iliyotungwa na Bunge huweza kulegezwa na Bunge, na mwaka 1893 ndivyo ilivyotokea: maofisa waliokabidhiwa msitu waliruhusiwa kuuza miti yake. Wananchi wakatambua kwamba mlinzi aliyepewa ruhusa ya kuuza anachokilinda si mlinzi tena. Mwaka uliofuata, 1894, mkutano wa kurekebisha Katiba ya jimbo uliingiza kifungu kisichokuwa na maneno mengi. Kilisema kwamba ardhi ya Hifadhi itatunzwa milele kama msitu wa asili; kwamba haitakodishwa, haitauzwa wala haitabadilishwa kwa nyingine; kwamba haitachukuliwa na shirika lolote, la umma au la binafsi; na kwamba miti yake haitauzwa, haitaondolewa wala haitaharibiwa. Wapiga kura walikikubali, nacho kikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1895.

Tangu siku hiyo, ofisa yeyote atakaye kukiuka kifungu hicho kwa faida ya jambo lolote, hata liwe zuri namna gani, hana budi kwenda kwa wananchi wenyewe. Pendekezo lazima lipite katika mabunge mawili yaliyochaguliwa kwa nyakati tofauti, kisha lipigiwe kura na umma. Njia hiyo ni ndefu, na makusudi yake ni kuwa ndefu.

Jaribio kubwa la kwanza halikuletwa na wakata mbao. Lililetwa na michezo. Mji mdogo wa Lake Placid, ulio katikati ya milima hiyo, ulipewa heshima ya kuandaa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 1932. Miongoni mwa mashindano hayo ni lile la sleji, ambamo watu wawili au wanne hujipakia katika chombo kisicho na injini na kushuka mlima kwa mwendo wa kutisha katika mfereji wa barafu. Mfereji huo ulihitaji mahali, na mahali palipochaguliwa palikuwa ndani ya Hifadhi. Mwaka 1929 Bunge likapitisha sheria ya kuruhusu ujenzi. Eneo lililotakiwa lilikuwa la ekari chache tu, nne au tano, na miti ambayo ingekatwa ilikadiriwa kuwa 2,500, katika msitu wenye miti isiyohesabika.

Hoja za waliounga mkono hazikuwa za kipuuzi. Walisema kuwa michezo ni afya. Kuwa heshima ya taifa zima imo katika mizani. Kuwa mataifa mengine yamekwisha kualikwa. Na kuwa miti 2,500 katika msitu mkubwa namna ile ni tone katika bahari. Wapo watumishi wengi wa umma, katika nchi nyingi, ambao wangeona hoja hizo zinatosha na kutia saini bila kusita.

Chama cha raia kilichokuwa kikiitetea milima hiyo kiliipeleka Serikali mahakamani. Mwaka 1930 shauri lilifika katika Mahakama ya Rufani, iliyo ya juu kabisa katika jimbo, na Mahakama ikatamka kuwa sheria ile ilikuwa kinyume cha Katiba. Majaji hawakudharau michezo. Walikiri kuwa ina manufaa kwa afya ya watu. Walikubali pia kuwa msitu wa umma unaweza kuwekewa vitu vya kuwasaidia watu kuutumia, mradi visilazimishe miti kuondolewa kwa kiasi kikubwa. Lakini walionya kuwa kulegeza Katiba kwa ajili ya michezo ni kufungua mlango ambao manufaa na maovu hupitia kwa pamoja. Leo ni mfereji wa sleji. Kesho kutwa utakuwa uwanja wa mchezo mwingine, na kila mchezo utakuwa na watetezi wake wenye sababu nzuri. Mswahili angeisema hukumu hiyo kwa maneno machache zaidi: bandu bandu huisha gogo.

Je, Olimpiki ilikufa kwa hukumu hiyo? La, hasha. Waandaaji walitafuta mahali pengine nje ya ardhi ya Hifadhi, katika mlima ulioitwa Van Hoevenberg, wakajenga mfereji wao kwa wakati. Februari 1932 Gavana wa jimbo, Franklin D. Roosevelt, ambaye mwaka uliofuata alikuwa Rais wa Marekani, aliifungua Michezo hiyo, na sleji zikashuka kama ilivyotarajiwa. Hapo pana fundisho la kwanza. Mara nyingi lile linaloitwa lazima si lazima; ni njia rahisi tu iliyowajia watu kwanza. Sheria ilipokataa njia rahisi, akili ikatafuta njia nyingine na ikaipata.

Fundisho la pili ni kwamba sheria hiyo haikuwa ukuta usio na mlango. Michezo ya kuteleza ilipozidi kupendwa, wananchi wa New York waliulizwa kama wangekubali njia za kuteleza zikatwe katika Mlima Whiteface, nao wakakubali mwaka 1941. Mwaka 1947 waliruhusu njia za namna hiyo katika Mlima Gore na katika Mlima Belleayre ulioko Catskill. Mwaka 1987 waliongeza urefu wake. Kila mara Katiba ilitaja mlima kwa jina, ikataja maili za njia na upana wake. Katika njia za Whiteface ndipo yalipofanyika mashindano ya kuteleza mlimani ya Olimpiki ya mwaka 1980, iliyorudi Lake Placid. Kwa hiyo umma haukunyimwa raha yake. Ulichokataa ni kuibiwa uamuzi wake.

Yapo mengine yanayofaa kukumbukwa kuhusu mji huo wa Lake Placid. Klabu kubwa iliyoeneza michezo ya theluji huko ilianzishwa na Melvil Dewey, yule aliyebuni mpango wa kupanga vitabu vya maktaba kwa tarakimu, ambao walimu wengi wameutumia. Katika majira ya baridi ya 1904 hadi 1905 klabu hiyo, badala ya kufungwa kama kawaida, iliendelea kupokea wageni, nao wakateleza kwa skii. Lakini klabu hiyohiyo iliwakataza Wayahudi. Malalamiko yalipofikishwa kwa wakuu wa elimu wa jimbo mwaka 1905, Dewey, aliyekuwa Mkutubi Mkuu wa jimbo, alikaripiwa na hatimaye akaacha kazi yake ya Serikali. Theluji iliyoanguka katika viwanja vya klabu na ile iliyoanguka msituni ilikuwa theluji moja, kutoka katika wingu moja. Tofauti ilikuwa ni nani mwenye ardhi. Mahali penye mlango wa mtu binafsi, mwenye mlango alichagua nani aingie. Katika msitu wa umma hapakuwa na wa kumchagua mtu. Hiyo ndiyo thamani ya mali ya pamoja, na ndiyo sababu uharibifu wake huwaumiza zaidi wasio na klabu.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba vita hivyo vilikwisha mwaka 1930. Katika miaka ya karibuni Idara ya mazingira ya jimbo ilipanga mtandao wa njia za kuunganisha vijiji kwa pikipiki za theluji, ambazo hupendwa na watu wengi na huvipa vijiji hivyo biashara katika miezi ambayo vingelala njaa. Njia hizo zilihitaji kunyooshwa, kusawazishwa na kupanuliwa hadi futi 9 na 12, kwa urefu wa maili zipatazo 27, na maelfu ya miti ilikuwa ikatwe. Raia wakaenda tena mahakamani, na Mei 2021 Mahakama ya Rufani ikatamka kuwa mpango huo unavunja Katiba. Haja ya wanavijiji ilikuwa ya kweli, na haifai kubezwa. Lakini waliokuwa na mamlaka ya kuamua kama haja hiyo inatosha kuukata msitu walikuwa wapiga kura wote wa jimbo, na hawakuwa wameulizwa.

Tena, katika Mlima Van Hoevenberg ilidhihirika kuwa majengo na njia za michezo, zikiongezwa mwaka baada ya mwaka, zilikuwa zimeingia katika ardhi ya Hifadhi pasipo idhini ya Katiba. Novemba 2025 suala hilo lilipelekwa kwa wapiga kura. Wakakubali kuwa michezo iendelee hapo, katika eneo la zaidi ya ekari 1,000 lenye masharti, na jimbo likatakiwa kuongeza ekari 2,500 za ardhi mpya katika Hifadhi. Upo ubaya katika kuomba ruhusa baada ya kujenga. Lakini upo wema katika Serikali kukiri kosa hadharani na kulilipa kwa ardhi badala ya kulifunika kwa maneno.

Utii wa sheria katika misitu hiyo haukomei kwa Serikali. Anayekuja kustarehe naye ana wajibu. Katika eneo la vilele virefu vya Adirondack, theluji ikizidi kina cha inchi 8, kila mpita njia hulazimika kuvaa skii au viatu vya theluji. Mgeni huweza kudhani kuwa amri hiyo ni ya kumsumbua. Sababu yake ni nyepesi: mwenye viatu vya kawaida huzama hadi magotini na kuacha mashimo, mashimo yakaganda usiku, na anayekuja kesho yake akiteleza huvunjika mguu. Aliyetoboa njia yuko mjini, amekwisha kusahau. Vivyo hivyo kwa barafu ya ziwa: mvuvi huonywa asiikanyage mpaka aipime na kuona kuwa ni ngumu na ina unene wa inchi 4 hivi. Walinzi wa misitu ndio wanaotoka usiku kumtafuta aliyepotea au kuzama, wakihatarisha maisha yao kwa ajili ya uzembe wa mtu mmoja. Raha ya pamoja hudai adabu ya pamoja.

Na sasa limezuka jambo ambalo hakuna mahakama inayoweza kulizuia kwa hukumu. Hata mwaka 1932 majira yalikuwa ya joto kuliko desturi, na theluji ililetwa Lake Placid kwa treni. Mwaka 1980, kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, ilitumika theluji ya kutengenezwa kwa mashine. Siku hizi mashine hizo zimekuwa jambo la kila mwaka katika vilima vya kuteleza. Ziwa Champlain, linalopakana na milima hiyo upande wa mashariki, zamani liliganda lote karibu kila mwaka. Siku hizi huganda lote mara chache. Dunia inapopata joto, baridi yenyewe inakuwa mali adimu. Mwenye klabu na mwenye fedha ataweza kununua theluji ya mashine. Asiyekuwa nacho atabaki na msitu, na katika msitu huo mti uliosimama hutunza kivuli, hutunza unyevu, na huikawiza theluji kuyeyuka. Kwa hiyo kila mti unaohifadhiwa leo ni sehemu ya starehe ya mtoto wa mnyonge kesho.

Kwa watumishi wa umma, kisa cha milima hiyo kinaacha maswali matatu ambayo yanafaa kuulizwa kila mara mpango mzuri unapowekwa mezani ukisubiri saini. Mali hii ni ya nani? Mwenyewe ameulizwa? Na iwapo tutakosea, je, kilichokatwa kitaweza kurudishwa? Mwerezi au msonobari wa miaka mia mbili haurudishwi kwa barua ya kuomba radhi. Ofisa anayeogopa maswali hayo huwa hana mpango mzuri. Anayeyakaribisha hana cha kupoteza, kwa maana wananchi wa New York wameonyesha mara kwa mara kuwa wakiombwa kwa heshima hukubali.

Kwa walimu, kisa hicho ni somo la uraia na la jiografia kwa pamoja. Mtoto anaweza kuambiwa darasani kuwa msitu ni chanzo cha mto, akalikariri jambo hilo na kulisahau baada ya mtihani. Lakini akipelekwa akaona chemchemi chini ya mti, akaambiwa kuwa mti huo ni wake na wa wenzake wote, na kwamba hakuna mkubwa awezaye kuuondoa pasipo kumwuliza, atakua akijua tofauti kati ya mali ya umma na mali isiyo na mwenyewe. Kuchanganya mambo hayo mawili ndiko kulikoiponza misitu mingi duniani.

Majira ya baridi yatakuja tena katika Milima ya Adirondack, na watu watashika tena njia zao kati ya miti iliyobeba theluji. Wengi wao hawatakikumbuka kifungu cha mwaka 1894 wala mfereji ule wa sleji uliokataliwa. Hilo si kosa. Sheria njema hufanana na mizizi: hubeba mti pasipo kuonekana. Wanaopaswa kuikumbuka ni wale waliokabidhiwa shoka.